Rangi Iliyokataliwa na Jani

Kabla ya kusema neno lolote darasani, Prof alinusa. Aliingia na fungu la majani kwapani, sombe, matembele, lengalenga, jani la mgomba lililochanika njiani, akayatandaza mezani, akainama juu yake na kufumba macho. Sisi wapya tulicheka. Waliotutangulia hawakucheka, maana walijua kwamba baada ya dakika tano yeyote anaweza kuitwa mbele, afungwe kitambaa usoni, apewe jani na kuulizwa habari zake. Ukisema "sombe" tu hukupata kitu. Ulitakiwa useme kama ni la muhogo mtamu au mchungu, kama limechumwa leo au jana, kama ni changa au limetoka chini karibu na shina.

"Macho iko muvivu," alikuwa akisema. "Macho inaona mara moja, inasema 'nimejua'. Kidole haisemake vile."

Kwetu mjini Baraka, kando ya ziwa, kila mwalimu wa sekondari huitwa Prof, hata awe na miaka ishirini na miwili na suruali ya kuazima. Wako wengi. Lakini ukisema Prof bila kuongeza neno, kuanzia sokoni hadi pale zinapopakia mashua za Kazimia, watu walijua unamsema yeye. Alimfundisha mama yangu kabla hajanifundisha mimi, na mama hadi leo hupika sombe bila kufunika sufuria, kwa sababu Prof alimwambia kwamba sumu ya muhogo ni mgeni mwenye haya: ukimfungulia mlango anatoka mwenyewe, ukimfungia anakaa.

Naandika habari zake kwa sababu mtu yule alinishangaza maisha yangu yote, na kwa sababu mimi ndiye niliyemtoa darasani. Afadhali niseme mapema. Kwa miaka miwili nilitembea na neno hilo kifuani, nikiogopa kwenda kumwambia na nikiogopa asije akafa kabla sijamwambia.

Lakini kwanza jani.

Siku moja alisimama mlangoni na jani la muhogo, akaliinua juani, akatuuliza kwa nini ni kijani. Tulisema yale ya kwenye daftari: klorofili. Akasema hilo ni jina, si jibu. Kisha akaeleza polepole kwamba mwanga wa jua umebeba rangi zote, na jani linakula. Linakula nyekundu, linakula buluu, na kwa chakula hicho linajenga sukari kutoka maji na hewa. Kijani halikitaki sana, linakirudisha. "Kwa hiyo rangi ile unaona," alisema, "njo ile jani imekataa. Jani haina kijani. Jani inatupa kijani, na we unaokota na macho." Wakati wa mapumziko nilitoka uani, nikatazama juu, kule milima ya Fizi ilikoanza kupanda nyuma ya mji. Nilikuwa nimeizoea tangu utoto kama mtu anavyozoea ukuta wa nyumba yao. Siku ile niliiona imesimama pale yote, ikila, ikitema kijani juu ya vichwa vyetu, na nilipata woga mtamu ambao hata sasa siwezi kuueleza vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliamua pale pale kwamba nitakuwa kama yeye.

Kwa mimea alikuwa na subira ya ajabu. Kwa watu, hapana. Aliweza kukaa saa nzima akivuta vipande viwili vya shina la jani la mgomba, taratibu, ili tuone zile nyuzi nyembamba zinazobaki kati yavyo. "Hii njo mifereji ya maji," alisema, huku akipuliza kidogo ili nyuzi zicheze. "Imesokotwa sawa kamba, ili isianguke ndani." Ukikohoa wakati ule, alikutoa nje. Sokoni alikuwa tishio. Akimwona mama yeyote anachemsha mawese mpaka yapoteze wekundu, yawe kama mafuta ya dukani, alisimama na kupiga kelele mbele ya watu:

"Mama! Unachoma macho ya batoto!"

"Prof, pitisha njia yako. Ni mafuta tu."

"Ile wekundu njo dawa yenyewe! Mutoto akikosa ile, jioni anagonga ukuta. Ni karoti unaunguza, mama, karoti!"

"Karoti iko wapi hapa? We ulikunywa nini?"

Watu walicheka, na yeye alikwenda zake akitikisa kichwa. Lakini niliwajua akina mama wawili waliopunguza moto baada ya siku hizo. Mmoja wao ni shangazi yangu, na yeye hakubali kwamba ni kwa ajili ya Prof.

Hilo swali la kunywa lilikuwa na kisa chake. Prof alikuwa mzee wa kanisa, Mprotestanti wa ile aina isiyogusa hata pombe ya ndizi kwenye arusi ya ndugu. Na bado kila mwaka, mvua zikianza, alionekana akitoka kwa mama mmoja mpika lutuku, ile pombe kali ya muhogo na mahindi, ameficha chupa ndani ya koti. Mwaka wa kwanza watu walinong'ona. Mwaka wa pili wakasema. Mwaka wa tatu baraza la kanisa lilimwita, na kwa kuwa shule ilikuwa ya kanisa, mchungaji alimwambia waziwazi kwamba mlevi hawezi kuendelea kufundisha watoto wa Mungu.

Prof hakujitetea. Aliomba jiko, sufuria ya maji, na mtoto mmoja akachume jani mtini. Mama yangu alikuwa akipika chai ya baraza siku hiyo, kwa hiyo haya nayajua kutoka kwake. Prof alichemsha maji, akatumbukiza jani likalegea, akazima moto kabisa kwa sababu lutuku inawaka, kisha akamimina ile pombe kwenye kikombe, akaweka jani ndani, na kikombe akakisimamisha katika maji ya moto. Wazee walisubiri kwa uso wa hukumu. Baada ya muda pombe ikaanza kugeuka kijani, na jani likafifia, likafifia, mpaka likabaki jeupe la kuonyesha kidole upande wa pili. Akalisuuza, akalidondoshea iyodini aliyoomba zahanati. Jani likawa jeusi lenye buluu mbele ya macho yao.

"Ile nyeusi," alisema, "njo chakula jani ilipika leo asubuhi wakati sisi tunaimba. Bila lutuku hamutaiona. Mimi siikunywe. Jani njo inakunywa."

Mama anasema mchungaji aliomba arudie tangu mwanzo. Kikao kilifungwa kwa sala, na tangu mwaka uliofuata chupa ya Prof ilikuwa ikinunuliwa na shemasi.

Sasa nifike kwenye lile jambo lenyewe.

Prof alichora ubaoni kwa chaki za rangi. Chaki nyekundu ilikaa mfuko wa kulia wa koti lake, ya kijani mfuko wa kushoto, na hakuzichanganya kamwe. Tuliona ni nadhifu kupita kiasi. Siku moja, tukiwa darasa la tano la sekondari, aliingia na koti lililofuliwa. Mke wake alikuwa ametoa vitu vyote mifukoni na kuvirudisha ovyo. Prof akageukia ubao, akachora jani kubwa zuri kwa nyekundu tupu, kisha mishipa ya kupitisha maji, ambayo yeye mwenyewe alituamuru iwe nyekundu daima, akaichora kwa kijani. Darasa likapasuka kwa kicheko. Wenzangu walidhani anatutega, maana kututega ilikuwa tabia yake. Naye akageuka akicheka. Lakini mimi nilikaa dawati la mbele, na niliona macho yake. Yalikuwa yakihama kutoka chaki moja hadi nyingine kama anayetafuta mlango gizani.

Nikaelewa kila kitu mara moja. Kwa nini kila siku alituuliza "hii iko rangi gani, we, mutoto?" hata kwa vitu ambavyo mbuzi angevijibu. Kwa nini alinusa. Kwa nini vidole. Mtu aliyetufundisha rangi za mimea vizuri kuliko yeyote tuliyewahi kumsikia hakuwa akitofautisha nyekundu na kijani, na hakuwahi tangu azaliwe.

Kesho yake nilifika mapema, nikapanga chaki mezani: nyekundu kulia, kijani kushoto. Aliingia, akazitazama, akanitazama. Kisha akachukua nyekundu, akaanza kuchora. Nilifanya hivyo mpaka nilipomaliza shule, na wala sikumwambia mtu, hata mama. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata nilikuwa mimi peke yangu.

Tulilizungumza mara moja tu, wiki ya mtihani wa taifa, akiwa ameniita anirudishie daftari.

"Bakijua," alisema huku akitazama dirishani, "batasema: asiyeona rangi anafundisha rangi? Batanipa jiografia. Ao bataniambia nipumzike. Mi siogope njaa. Naogopa kunyang'anywa jani."

"Mi siseme, Prof."

"Najua."

Nilikwenda Bukavu kusomea ualimu, nikarudi, nikapewa kazi katika shule ile ile. Sikupewa biolojia. Nilipewa dini na uraia, na kila nilipopita dirisha la darasa lake nikasikia sauti yake, nilitamani ile meza yake. Sijivunii kusema hivi. Nilimpenda mzee yule, na papo hapo nilikuwa nahesabu miaka yake.

Ikaja siku ya mkaguzi. Prof alikuwa na onyesho lake la kila mwaka: anakamua yale maua mekundu makubwa ya kando ya uzio, anagawa maji yake katika vikombe viwili. Kimoja anatia limau, maji yanawaka wekundu. Kingine anatia maji ya majivu, yanageuka kijani. Kwa miaka yote alivijua vikombe kwa pua, limau huku, majivu huku. Siku ile alikuwa na mafua makali ya vumbi la kiangazi. Mkaguzi, mtu mwenye udadisi wa heri, alivishika vikombe avitazame karibu na dirisha, akavirudisha vimebadilishana nafasi. Prof akanyanyua kile cha kijani, akatangaza kwa sauti yake yote:

"Na hii, muone batoto, asidi imeipa wekundu!"

Hakuna mtoto aliyecheka. Mkaguzi aliandika kitu, akamshukuru, akatoka.

Jioni ile mkuu wa shule, tunamwita Préfet, mtu mgeni aliyekuja mwaka ule tu, aliniita ofisini.

"Madame, weye ulisomaka kwa ule muzee. Niambie kweli. Anaona rangi?"

Ningeweza kusema ni uzee, macho yanachoka. Ningeweza kusema mafua, na nisingekuwa mwongo. Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi mara mbili, nakumbuka vizuri, na katika pumzi hizo mbili nilifikiria ile meza.

"Hajaziona hata siku moja, Préfet," nikasema. "Tangu zamani."

Maji yakimwagika hayazoleki. Kabla ya mwezi kwisha Prof alipewa barua ya shukrani yenye mhuri na akaambiwa apumzike. Aliondoka bila kuaga darasa, akahamia Swima kwenye nyumba ya wazazi wake, na mimi nikapewa biolojia. Nilifundisha vizuri, nadhani. Lakini kila mwaka nilipofika kwenye somo la jani linalokataa kijani, nilieleza nikiwa nimewapa wanafunzi mgongo.

Mwezi uliopita nikasikia kwa dereva wa pikipiki kwamba mzee ana homa za mara kwa mara na amekonda. Jumamosi asubuhi nikamwambia yule yule dereva anipeleke Swima.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda kando ya kitalu kidogo cha maharage. Vyungu vitatu vya zamani vilikuwa vimepinduliwa kifudifudi juu ya udongo. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote, na shati linamning'inia, lakini alisema kabla sijabisha hodi:

"Madame Biolojia. Karibu. Bado unakanyaga na kisigino."

Nikamsalimu. Nikamweleza habari za shule, za mvua, za mama. Kisha nikapiga magoti pale kwenye udongo.

"Prof, ni mi nilimwambia Préfet."

Alikuwa akisafisha kucha kwa kijiti. Akaendelea.

"Mi najua," alisema. "Ni nani mwingine? Muntu aliyejua alikuwa mumoja."

Miaka miwili! Nilikuwa nimekaa na lile neno kama jiwe, naye alikuwa nalo tangu siku ya kwanza, akiwa kitandani na homa zake. Nililia. Sikujificha.

"Sijakusamehe," alisema. "Nakuambia kweli sababu we uliniambia kweli. Najaribu, inakataa. Ninaamkaka asubuhi najiandaa kwenda darasani, halafu nakumbuka. Alors, nyamaza kulia. Machozi iko na chumvi, na hapa nimepanda."

Nikajifuta machozi. Akavuta kigoda mbele, akafunua chungu cha kwanza. Chini yake kulikuwa na maharage yaliyootea gizani: marefu, membamba, majani madogo yamekunjamana.

"Iko rangi gani?"

"Manjano. Manjano ya kupauka sana, Prof. Hakuna kijani hata kidogo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akashusha pumzi. "Sikia. Miaka yote nilifundisha kwamba mumea ukifichwa jua unakosa kijani, ukiutoa unapata. Iko ndani ya kitabu. Lakini inaanza saa ngapi? Inaanzia fasi gani, juu ao chini? Kitabu yangu haikusemaka. Mi naona tu mumea unakuwa muzito, kisha mukubwa. Ile saa yenyewe sijaionaka. Na sikuwezaka kuuliza muntu, sababu ningeuliza, bangejua." Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Sasa bote banajua. Njo naweza kuuliza. Kaa hapo, angalia. Usipepese."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilikaa. Jua lilipanda juu ya ziwa, likapita vichwa vyetu. Hatukurudia tena lile jambo. Tulikula viazi vitamu na ndagala kwenye sahani moja, na kila mara alipodhani nimesahau alinigusa bega. Saa saba hakuna. Saa nane nilidhani nimeona, nikafunua ukingo wa chungu cha pili nikalinganisha, nikamwambia hapana, bado, nisikudanganye. Akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimefundisha somo hili miaka miwili na sikuwahi hata mimi kukaa nilitazame likitokea.

Saa tisa na robo nililiona. Nilitazama tena chini ya chungu cha pili, nikarudi. Lilikuwa kweli.

"Prof. Imeanza."

"Fasi gani?"

Nikashika kidole chake cha shahada, nikakiweka juu ya jani la juu, pale lilipokuwa limejifungua wazi kulipokea jua. Kidole kilikuwa kikavu na chepesi. Hakukisogeza. Alifumba macho, akakaa hivyo muda mrefu, mzee aliyekuwa amezungukwa na kijani kwa zaidi ya miaka sabini, na nilimwona anameza mate kama mtoto aliyepewa kitu ambacho hakuamini atapewa.

"Iko kidogo?" aliuliza.

"Iko kidogo sana. Lakini iko."

"Toa daftari. Andika saa."

Nikaandika.

"Andika jina ya ule aliona."

Nikaandika jina langu. Alisubiri kalamu isimame.

"Andika na jina ya mwalimu yake."

Niliandika jina lake lote, lile ambalo Baraka nzima hakuna anayelitumia. Hakusema amenisamehe. Alisema nirudi Jumamosi, kwa ajili ya chungu cha pili.